Shemeji yangu Mkuba ameondolewa kwenye warushaji wa kuanza. Aache besiboli?

"Naishi Louisville, Kentucky. Mume wangu ni Mkuba. Mdogo wake ni mrushaji wa besiboli, anatumia mkono wa kushoto, na kwao alichezea Pinar del Río kwenye ligi ya taifa. Alitoka Kuba, akakaa Jamhuri ya Dominika zaidi ya mwaka, akasaini na klabu ya Marekani Februari 2023 akiwa na miaka 21, kwa dola 150,000. Sasa ana 24 na yuko Double-A. Juni walimwondoa kwenye warushaji wanaoanza mechi. Siku hizi anaingia katikati kwa zamu moja au mbili. Anaamini wanamkomoa kwa sababu ni Mkuba asiye na jina. Takwimu alizonitumia: zamu 46, wastani 4.70, wapigaji 200, amewatoa 52 kwa straiki na 17 amewapa njia ya bure. Kasi yake ilikuwa maili 95, sasa 92. Usiku anaweka barafu kwenye kiwiko na ametuomba tusimwambie mtu. Pesa ya usajili imekwisha, na aliyemtoa Kuba anadai asilimia 30 ya kila anachopata. Mume wangu anataka aache, aje wafanye kazi pamoja ghalani. Mimi najua mpira wa miguu tu. Je, anaonewa? Kuondolewa huku ndiyo mwisho wake? Na tusubiri mpaka lini?"

Dada, umeuliza maswali matatu, ila kilichonishtua ni kile ulichokitaja kwa kupita tu: barafu ya usiku na kasi iliyoshuka. Nitafika huko, na ndiko nitakakokaa zaidi. Lakini tuanze na kinachomnyima shemeji yako usingizi, kwa sababu maadamu anaamini anakomolewa, ataendelea kuficha maumivu.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa soka, neno "daraja" lisikupoteze. Double-A si ligi ambayo timu ikishinda inapanda. Timu hizi hazipandi wala hazishuki kwa matokeo. Kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu, MLB, ina timu nne chini yake zinazocheza msimu mzima: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Tangu mpangilio wa 2021, zote pamoja ni 120. Chini kabisa kuna ligi za kambini Florida na Arizona, na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika. Mganda David Matoma, aliyesaini na Pittsburgh Pirates, anakwea ngazi hizihizi. Mfano wa karibu ni timu za vijana za Simba au Yanga: mwajiri ni klabu mama. Ndiyo inayolipa mshahara, inayoamua mrushaji atupe mipira mingapi, apumzike lini, na awe wa kuanza au wa kuingia. Kocha wa Double-A kazi yake ni kutekeleza. Kwa hiyo uamuzi wa Juni karibu hakika ulitoka makao makuu, kwa watu wenye takwimu na video mbele yao, wala si kwa kocha aliyeamka vibaya siku hiyo.

Wakuba wengi huchelewa kulimeza hili. Katika ligi yao ya taifa timu ni za mikoa, mtu anachezea kwao, na mrushaji hupangwa ili mechi ya leo ishinde. Ligi ndogo za Marekani zipo ili kutengeneza watu wa Ligi Kuu. Ushindi wa timu ni wa ziada. Mrushaji anaweza kuagizwa arushe mpira wa kuhadaa mwezi mzima hata kama unapigwa kila siku, kwa sababu klabu inataka kujua kama utakomaa. Mtu aliyekuwa nyota Pinar del Río, mkoa unaosifika kwa warushaji, akiambiwa hivyo huhisi anaharibiwa jina.

Na mchezo wenyewe haufanani. Mrushaji wa Kuba hulelewa kuwa mjanja: hubadili pembe ya mkono, hupunguza mwendo na kuuongeza, huchezea pembezoni mwa eneo la straiki, ile nafasi mbele ya mpigaji ambamo mpira asioupiga huhesabiwa dhidi yake, na straiki tatu humtoa, akitegemea mpigaji anase. Dhidi ya wapigaji waliobaki Kuba, maana wengi wazuri wamekwisha kuondoka, ujanja huo unalipa. Double-A ndipo mrushaji anapokutana na wapigaji wasiofukuza mipira ya nje. Anajikuta na boli mbili, yaani mipira iliyopita nje ya eneo (nne humpa mpigaji njia ya bure), bila straiki hata moja, analazimika kurusha katikati, na mpigaji anajua kinachokuja. Tena kuna saa. Kwenye Ligi Kuu, mrushaji ana sekunde 15 za kurusha pasipo mtu kwenye besi (vituo ambavyo wapigaji hukimbilia), na 18 akiwapo. Ligi ndogo nazo zina saa yake. Aliyezoea kuzunguka polepole kile kilima anachorushia, kufuta jasho na kumchosha mpigaji kwa kumsubirisha, hapo amepokonywa silaha. Ongeza mwaka mzima na zaidi aliokaa Dominika akifanya mazoezi bila mechi za kweli. Huo ni mwaka ambao vijana wa rika lake waliutumia kurusha kila wiki.

Ndiyo maana hata majina makubwa yalianzia chini, na kadhaa yalipitia hapohapo mjini kwenu. René Arocha aliiacha timu ya taifa ya Kuba Miami mwaka 1991 na kuwafungulia njia wenzake. Klabu zikapigiwa kura ya bahati nasibu, akawaangukia St. Louis Cardinals, na msimu wa 1992 akarusha Louisville, Triple-A. Mwaka uliofuata alishinda mechi 11 Ligi Kuu. Aroldis Chapman aliitoroka timu Rotterdam 2009, na Januari 2010 akasaini na Cincinnati Reds mkataba wa dola milioni 30.25. Pamoja na mamilioni yote hayo alipelekwa Louisville, akaanza kama mrushaji wa kuanza, akawa anagawa njia za bure kupita kiasi. Juni, mwezi uleule kama wa shemeji yako, walimhamishia benchi la warushaji wa kuingia. Agosti 31 alikuwa Ligi Kuu. Septemba 24 alirusha mpira wa maili 105.1 kwa saa, yaani kilomita 169.

Kwa nini kuhamishwa kunaweza kumsaidia mtu hivyo? Mrushaji wa kuanza anatakiwa kuwakabili wapigaji walewale mara mbili hadi tatu kwa mechi moja. Mara ya tatu wamekwisha kumsoma, hivyo anahitaji aina tatu au nne za mipira anazoziweza zote, na nguvu ya kurusha mipira 90 au 100. Wa kuingia anakutana na kila mpigaji mara moja tu. Aina mbili nzuri zinamtosha, tuseme mpira wa kasi na slaida, ule unaopinda pembeni. Na kwa kuwa anajua atarusha mipira 15 au 25, hajizuii; kwa kawaida kasi huongezeka maili moja au mbili. Klabu ikiona kijana ana aina mbili nzuri na ya tatu inasuasua, humpunguzia mzigo. Kwa mkono wa kushoto nafasi huwa pana zaidi, maana kila benchi la Ligi Kuu linatafuta warushaji wa kushoto.

Sitakudanganya kwamba hakuna kilichopotea. Mrushaji wa kuanza ana thamani kubwa kuliko wa kuingia, na klabu iliyomhamisha imeshaamua kwamba aina ya tatu haitafika, au haitafika kwa wakati. Lakini kuna waliofika kwa njia hiyo tu. Gerardo Concepción, wa kushoto kama shemeji yako, alisaini na Chicago Cubs 2012 kwa dola milioni 6. Msimu wake wa kwanza ulikuwa balaa, akaugua, akaondolewa kwenye orodha ya wachezaji 40 ambao klabu inaweza kuwaita Ligi Kuu, na watu wakamsahau. Aligeuzwa wa kuingia, na Juni 2016 akapanda Ligi Kuu, kwa mechi tatu tu, lakini alifika. Na mlango haufungwi moja kwa moja: Mkuba Liván Moinelo alikuwa mrushaji wa kuingia Japani miaka mingi, klabu yake ya SoftBank ikamfanya wa kuanza 2024, akamaliza na wastani wa 1.88, bora kuliko wote kwenye ligi yake.

Sasa takwimu zako. Ule wastani wa 4.70 ndio unaomtisha, nao ndio ninaoujali kidogo kuliko yote. Unahesabiwa hivi: pointi alizofungwa kwa kosa lake mwenyewe, mara 9, gawanya kwa zamu alizorusha (zamu moja huisha wapigaji watatu wakitolewa). Kwa zamu 46 hiyo ni pointi 24. Sasa tuseme katika hizo kuna siku moja mbaya ya pointi 7 katika zamu moja. Iondoe, wastani unashuka hadi 3.40. Mechi moja imebadilisha hadithi nzima. Vladimir Gutiérrez, Mkuba mwingine wa Reds, mwaka 2019 alifungwa wastani wa 6.04 palepale Louisville. 2021 alikuwa anaanza mechi Ligi Kuu, na akashinda 9. Watu wa klabu hutazama kile mrushaji anachokimiliki peke yake bila msaada wa wadakaji nyuma yake: anawatoa wangapi kwa straiki na anawapa wangapi njia ya bure. Watu 52 kati ya 200 ni asilimia 26. Watu 17 ni asilimia 8.5. Tofauti ni 17.5, na kwa Double-A tofauti ya 15 au zaidi ni ya mtu anayeeleweka. Kwa karatasi hii shemeji yako hajashindwa hata kidogo.

Isipokuwa kwa ile namba ya mwisho.

Nimesema mrushaji anayehamia benchi huongeza maili moja au mbili. Wa kwenu amepunguza tatu, kutoka kilomita 153 hadi 148 kwa saa. Anarusha mipira michache, anaweza kujiachia kila mpira, na bado kasi inashuka, huku kiwiko kinawekwa barafu kwa siri. Kwa mtu aliyezoea kazi hii mambo hayo mawili pamoja hayaitwi uchovu mpaka daktari aseme hivyo. Na mjue kwamba kasi anayoificha yeye, klabu inaiona: kila mpira unapimwa kwa kamera na rada, pamoja na mzunguko wake na mahali mkono ulipouachia. Wanaona namba zinashuka na hawajui sababu. Kimya chake kinawaachia wajijibu kwamba kipaji ndicho kinachokwisha.

Ndani ya kiwiko, upande unaogusa ubavu mikono ikining'inia, kuna kano fupi inayounganisha mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa kigasha. Mrushaji anapoupeleka mkono nyuma kisha kuuvuta mbele kwa nguvu, kigasha hutaka kufunguka kuelekea nje, na kano hiyo ndiyo inayozuia, ikisaidiwa na misuli ya kigasha. Kwenye mipira ya kasi mzigo unakaribia kikomo cha kano yenyewe. Misuli ikiwa imechoka, mzigo wote unarudi kwenye kano, nayo hulika kidogokidogo kama kamba inayosuguliwa ukingoni mwa kisima. Huanza nyuzi chache, huvimba, hulegea, na siku moja hukatika katikati ya mpira mmoja. Mazingira ya shemeji yako yanafaa kabisa kwa hilo: miaka ya kurusha sana akiwa kijana, mwaka wa kukaa bila mechi, kisha kubadilishiwa ratiba. Wa kuanza huku chini hurusha karibu mara moja kwa wiki, kwa maandalizi ya siku kadhaa. Wa kuingia hupasha mkono ghafla, wakati mwingine siku mbili mfululizo, na mipira ya kupasha moto haionekani kwenye takwimu.

Si kila maumivu ni kano. Uchungu wa misuli siku ya pili, juu ya kigasha au nyuma ya bega, unaoisha kwa siku mbili, ni wa kawaida. Mwambie mume wako amuulize mdogo wake mambo haya bila kumtisha. Je, uchungu uko upande wa ndani wa kiwiko, mahali anapoweza kuweka kidole kimoja? Unakuja wakati wa kuuachia mpira, au baada ya mechi tu? Anashindwa kunyoosha mkono kabisa asubuhi? Kidole cha pete na kidole kidogo vinakufa ganzi au kuwasha? Mipira inaruka juu ya pale alipolenga? Jibu la ndiyo kwa mojawapo linatosha kuacha kurusha hadi apimwe. Ganzi ya vidole ni ya haraka zaidi, kwani inaonyesha mshipa wa fahamu unaopita hapo nao umebanwa. Na barafu haitibu kano. Inapunguza maumivu tu, na maumivu ndiyo kengele yake.

Anachoogopa nakielewa: akisema anaumwa, atatemwa. Sheria za kazi zinaelekea upande mwingine. Jeraha la uwanjani ni jeraha la kazini. Mchezaji aliyelitaja huingizwa kwenye orodha ya majeruhi, mshahara unaendelea, na klabu inagharimia vipimo, upasuaji na mazoezi ya kurudi. Asiyelitaja anatemwa kwa sababu ya namba mbaya, anarudi nyumbani na kiwiko kibovu, halafu aanze kuthibitisha kwamba kiliharibikia kazini. Aende kwa mkufunzi wa tiba wa timu kesho, si baada ya mechi ijayo, aseme wapi panauma, tangu lini na kwa mpira gani. Aombe iandikwe, na akiandikiwa aweke nakala. Timu nyingi zina mtu wa Kihispania. Asikubali kutafsiriwa na mchezaji mwenzake katika jambo hili. Kisha aombe daktari wa mifupa wa klabu na picha ya MRI. Kama majibu hayamridhishi, awapigie chama cha wachezaji, MLBPA, kuhusu kumwona daktari wa pili. Tangu Septemba 2022 chama hicho kinawawakilisha wachezaji wa ligi ndogo pia, na wengi wao wanasahau kwamba ni wanachama.

Ikionekana ni uvimbe au mchubuko mdogo, hupumzishwa wiki kadhaa na kurudishwa kwa ratiba ya kurusha hatua kwa hatua, kuanzia umbali mfupi. Ikiwa kano imekatika, mazungumzo yatakuwa ya upasuaji wa Tommy John, ambao Dkt. Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza 1974: kano mpya huchukuliwa kutoka sehemu nyingine ya mwili na kupitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa mfupani. Kurudi kilimani huchukua miezi 12 hadi 18. José Fernández, mzaliwa wa Santa Clara aliyekuwa chipukizi bora wa ligi yake 2013, alifanyiwa Mei 2014 na kurudi Julai 2015. Ni muda mrefu, ila wengi hurudi. Anayerudi kwa shida ni yule aliyeendelea kurusha mpaka bega nalo likaharibika, maana mtu anayekwepa maumivu ya kiwiko hubadili mwendo wa mkono mzima bila kujijua.

Turudi kwenye swali la kuonewa. Kuhusu fedha za usajili, hakuonewa yeye binafsi. Alifika katika mwaka mbaya. Julai 2016 San Diego Padres walimpa Adrián Morejón, wa kushoto mwenye miaka 17, dola milioni 11, kwa kuwa klabu ziliweza kupitiliza bajeti na kulipa faini. Tangu 2017 kuna kikomo kisichovukwa kwa wachezaji wa nje walio chini ya miaka 25, na dirisha sasa hufunguliwa Januari 15. Sehemu kubwa ya bajeti huwa imeahidiwa mapema kwa vijana wa miaka 16 wa Dominika na Venezuela. Anayekuja Februari na miaka 21 hula makombo. Ila ana hoja katika jambo moja: aliyelipwa mamilioni husubiriwa, na aliyelipwa 150,000 hana mtu makao makuu ambaye jina lake litachafuka akimtema. Huo si ubaguzi dhidi ya Wakuba. Ni hesabu, nayo inamuuma Mdominika na Mmarekani wa ofa ndogo vilevile. Yoan López alipewa zaidi ya dola milioni 8 na Arizona Diamondbacks mwaka 2015, akaiacha timu ya Double-A na kutaka kuachana na mchezo kabisa. Walimpokea tena, na Septemba 2018 akafika Ligi Kuu kama mrushaji wa kuingia. Shemeji yako asidhani naye atapokelewa hivyo.

Mshahara wa Double-A, tangu mkataba wa pamoja wa 2023, ni kama dola 30,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ulikuwa 13,800. Malazi ni ya klabu, na kuanzia Double-A mchezaji ana haki ya chumba chake. Kwa hiyo si uongo kwamba hana kitu, lakini msimkopeshe pesa ya kodi ya nyumba bila kuuliza ni nyumba ipi. Kinachostahili msaada ni chakula. Vijana wanaotoka kwenye uhaba na kuingia kwenye barabara yenye mgahawa wa burger kila kona hunenepa haraka, na Liván Hernández alipata taabu hiyohiyo mwaka wake wa kwanza, 1996, akashushwa kutoka Triple-A. Mwaka uliofuata alikuwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi Kuu.

Yule wa asilimia 30 ni habari nyingine. Wakala wa mchezaji hulipwa kwa makubaliano yaliyo wazi, na wa Ligi Kuu lazima awe na idhini ya chama. Mtu aliyemvusha mchezaji baharini kisha akamsainisha karatasi ya sehemu ya mapato yote ya baadaye si wakala. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho Miami iliwatia hatiani wakala mmoja na mkufunzi mmoja kwa biashara ya kuwavusha wachezaji wa Kuba, na mikataba ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya ushahidi. Asilipe tena hata senti kabla mwanasheria hajaisoma karatasi hiyo. Asimjibu kwa hasira kwenye simu, ahifadhi ujumbe wote, na kama kuna ndugu anayetishiwa Kuba au Dominika, mwanasheria aambiwe hilo kwanza.

Mpaka lini? Hapa kuna tarehe. Mchezaji aliyesaini akiwa na miaka 19 au zaidi, misimu minne ikipita bila kuingizwa kwenye orodha ya watu 40, klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua Desemba kwenye uteuzi wa wachezaji uitwao Rule 5. Anayemchukua hulipa dola 100,000 na lazima amweke Ligi Kuu msimu mzima, la sivyo amrudishe. Kwa aliyesaini Februari 2023, uteuzi huo ni Desemba 2026. Hivyo Novemba 2026 klabu yake italazimika kusema waziwazi: inamlinda au inamwachia. Akilindwa, yuko hatua moja kutoka Ligi Kuu, ambako kima cha chini cha 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, kama dola 4,000 kwa siku. Asipolindwa wala kuchukuliwa, atakuwa na karibu miaka 26 na jibu lenye maana. Upasuaji ukihitajika sasa, jibu litasogea hadi 2027. Kati ya wanaosaini, walio wengi hawafiki juu. Hilo mlijue, ila mlipime pamoja na zile asilimia 26.

Kuhusu ghala, kuwa mwangalifu sana. Kama yuko nchini kwa viza ya mwanamichezo, ruhusa yake ya kufanya kazi imefungwa kwa klabu hiyo. Siku akiondoka mwenyewe, anapoteza mshahara, matibabu ya kiwiko na huenda haki ya kuwa kazini popote, na klabu inaweza kumweka kwenye orodha inayomzuia kucheza kwingine, hata Mexico. Kwa upande mwingine, sheria ya Marekani ya 1966 kuhusu Wakuba inamruhusu Mkuba aliyeingia kihalali na kukaa mwaka mmoja na siku moja kuomba ukaazi wa kudumu, na wachezaji wengi huchelewa kuomba kwa sababu wako kwenye basi kuanzia Aprili hadi Septemba. Kanuni hizi zinabadilika mara kwa mara, hivyo aulize mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, asiende kwa "notario" wa mtaani, mjaza fomu asiye mwanasheria. Louisville mna Kentucky Refugee Ministries na Catholic Charities, wote wana huduma za sheria za uhamiaji. Anzeni hapo hata kama yeye anaishi jimbo lingine, kwa kuuliza nani amwone alipo. Waulizeni mambo matatu: aliingia kwa hadhi gani, ameshaomba ukaazi, na nini kinatokea siku mkataba ukivunjwa. Majibu yakipatikana ndipo mume wako amwite ghalani au asimwite. Kabla ya hapo asisaini barua yoyote ya kujiondoa, hata akiletewa na mtu anayemwamini.